Amri Moja kwa Mafaili Yote

Kila siku masomo yakiisha, Chapuchapu hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia zahanati, kwa mama yake, ambaye ndiye alikuwa karani wa pale. Chumba cha karani kilikuwa kidogo, hata mlango ukifunguliwa wote uligonga kabati. Ndani mlikuwa na meza moja, stuli mbili, birika la chai lililopoteza mfuniko, na kompyuta kuukuu iliyovuma kama nyuki waliochokozwa.

Chapuchapu halikuwa jina lake la shuleni, ila mtaani hakuna aliyemwita vingine. Akifua, chapuchapu, sabuni inabaki kwenye kola. Akifagia, chapuchapu, taka zinalala chini ya kitanda. Lakini kwenye kompyuta hakuwa na mpinzani darasani. Mwalimu wao wa kompyuta alikuwa amewaonyesha ile skrini nyeusi ambayo haina picha wala vitufe, ya kuandika amri tu. Unaandika mstari mmoja, nao unapita katika mafaili yote, unatafuta neno ulilotaja na kuweka jingine mahali pake, kufumba na kufumbua. Mwalimu alisisitiza mambo matatu, tena kwa mpangilio: kwanza toa amri ya kutafuta, uone kilichomo, pili nakili mafaili yote uyaweke pembeni, tatu ndipo ubadilishe. Chapuchapu alilishika lile la tatu.

Ijumaa moja alimkuta mama amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mkono ulikuwa umevimba.

"Pole, mama."

"Nishapoa, mwanangu. Kaa hapa unisaidie. Maeneo yamepewa namba mpya. Eneo la 3 sasa litaitwa la 4, na lile la 4 litaitwa la 5. Kila familia ya maeneo haya mawili yenye mtoto mdogo ina faili lake humu, na yote ni mia mbili na kumi na mawili."

"Mbona kazi ndogo!"

"Ndogo kwa macho. Jumanne wanakuja wachanjaji wa surua. Watoto wa lile Eneo la 4 la zamani walishachanjwa mwezi uliopita. Sasa ni zamu ya wale waliokuwa la 3, familia tisini na saba, nao wataitwa kwa orodha itakayotoka humu. Kwa hiyo fungua faili moja moja. Soma, badilisha, hifadhi. Yakikushinda leo, kesho yapo."

"Sawa, mama."

Mama akatoka kwenda kumsaidia nesi mkuu kupima watoto uzito. Chapuchapu akavuta stuli, akafungua skrini nyeusi. Faili moja moja? Kama bibi anayechambua mchele? Akaandika amri ya kwanza: popote penye Eneo la 3, weka Eneo la 4. Akabonyeza. Akaandika ya pili: popote penye Eneo la 4, weka Eneo la 5. Akabonyeza. Hata dakika mbili hazikufika.

Akajipongeza kwa kupiga kofi pajani. Kisha, kwa kujifurahisha tu, akaagiza kompyuta itafute familia za Eneo la 4.

Hakuna hata moja.

Akatafuta Eneo la 5. Mafaili mia mbili na kumi na mawili.

Akaelewa. Amri ya kwanza iliwapeleka watu wa la 3 wakakaa pamoja na watu wa la 4, na amri ya pili ikawasomba wote kwa mkupuo. Akiamuru warudi, watarudi wote pamoja, maana kompyuta haikukumbuka nani alitoka wapi. Na nakala hakuweka.

Mlango ukagonga kabati. "Umefika wapi?" mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Yote."

Mama akaangua kicheko. "Haya! Kumbe nilizaa mashine, sikujua! Sista, njoo umwone mwanangu!" Nesi mkuu akachungulia, akamshika Chapuchapu bega. Zile sifa zikamfunga mdomo. Walipoondoka, alianza kubahatisha. Wengine aliwajua, akawarudisha mahali pao. Lakini watu wa mtaani aliwajua kwa majina ya kuitana: Fundi Saa, Mama Mkaa, Bwana Asante. Katika mafaili waliandikwa majina yao ya vitambulisho. Asiowajua aliwagawa kwa kukisia, huyu huku, yule kule, mpaka Eneo la 4 likatimia familia tisini na saba kama mama alivyosema. Hesabu ilikuwa sawasawa. Nani angejua?

Jumanne uwanja wa zahanati ulijaa akina mama na watoto waliopelekewa wito. Mara nesi mkuu akaja na kadi za chanjo mkononi. "Karani, hawa kumi na wawili wana muhuri wa mwezi uliopita. Orodha yako ni sahihi kweli?"

"Sahihi, Sista. Huyu binti ameipitia faili moja moja. Labda wenyewe wamechanganya siku."

Chapuchapu alikuwa amesimama palepale, ameshika trei ya pamba. Akaanza kupanga pamba upya, kipande juu ya kipande.

Wiki ya tatu baada ya chanjo, rafiki yake wa dawati moja hakuonekana shuleni. Huyu walimwita Bisi, kwa vile kicheko chake kilipasuka kama mahindi kwenye sufuria. Siku ya pili yake Chapuchapu alipita kwao. Mdogo wake Bisi, wa miaka miwili, alikuwa amelala kwenye mkeka, mwili una vipele, macho mekundu hayafunguki vizuri.

"Shikamoo, Mama Bisi."

"Marahaba, mwanangu. Usisogee sana, ni surua." Alikuwa anampepea mtoto kwa kipande cha boksi. "Tulisubiri wito wetu, haukuja. Nikasema, labda zamu yetu bado."

Chapuchapu hakukumbuka alivyotoka. Alikimbia mpaka chumba cha karani, akamkuta mama na nesi mkuu, akasema yote, tangu amri ya kwanza mpaka kadi za Jumanne. Mama hakumpiga. Alikaa juu ya stuli, akauangalia mkono wake uliofungwa. "Mimi nilikutetea," akasema. "Mbele za watu."

Nesi mkuu alituma mtu akamlete mtoto saa ile ile. Kisha akawapa mama na binti daftari na kalamu. "Kadi ziko majumbani. Nendeni mlango kwa mlango."

Walitembea siku nne, nyumba mia mbili na kumi na mbili. Mama alibisha hodi, Chapuchapu alisoma kadi na kuandika. Walipata watoto wengine kumi na mmoja ambao hawakuwa wameitwa, wakachanjwa wote. Mdogo wake Bisi alipona, lakini jicho la kushoto lilibaki na ukungu. Mama aliondolewa kwenye kiti cha karani, kwa sababu sahihi iliyokuwa chini ya orodha ilikuwa yake. Akapewa kazi ya kufua mashuka. Naye Bisi aliporudi shuleni alichukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma.

Siku ya kurekebisha mafaili, nesi mkuu aliweka mezani makopo mawili ya vidonge na moja tupu.

"Nataka vidonge vya kopo hili viingie kwenye lile, na vya lile viende kopo jingine. Naanza na lipi?"

"Lile la pili, Sista. Kwanza liwe tupu."

"Nikikosea?"

"Vinachanganyika."

"Vikichanganyika, ukaniita palepale, tunavimwaga mezani tunavichagua. Ni kazi, lakini hafi mtu. Ila ukifunika kopo ukabandika karatasi nzuri juu yake, kuna mtu atakuja kumeza." Akamtazama. "Kosa lako la kwanza lilikuwa la dakika mbili, mwanangu. La pili ulikaa nalo siku ishirini na tatu. Kukosea si dhambi, kila afanyaye kazi hukosea. Sema mapema, kosa likiwa bado mkononi mwako. Likishafika kwa wenzako, hata ukilia halirudi."

Nesi akachukua makopo yake, akatoka. Chapuchapu alinakili mafaili yote kwanza. Kisha akafungua faili moja, akalisoma, akalilinganisha na daftari, akabadilisha, akahifadhi. Akafungua jingine. Dirishani alimwona mama akikamua shuka kwa mkono mmoja, ule mwingine ameukunja kifuani.

Jua lilipoanza kuinama alifika kwenye jina la mwanamke asilolijua. Akalitafuta katika daftari. Lilikuwa jina kamili la Mama Bisi. Akalisoma mara mbili, polepole, kisha akaandika: Eneo la 4.