Kiraka Kisichojua Utani

Mkono uliompakia Editha siagi kwenye mkate, taratibu, mpaka pembeni, ulikuwa wa mumewe Gaudensi. Lakini aliyeuongoza alikuwa mwingine. Ndani ya fuvu la Gaudensi, pale kiharusi kilipounguza njia za fahamu, madaktari walikuwa wamebandika kiraka cha ubongo, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Kiraka kilisikia swali, kikatafuta jibu ambalo Gaudensi angelitoa, kisha kikauamuru ulimi kabla mwenyewe hajaanza kuhangaika. Kwa viraka hivyo, watu waliokuwa magogo kitandani walinyanyuka wakaagiza chai.

"Umelala vizuri, mpenzi wangu?" Gaudensi akauliza.

Mpenzi wangu! Jamani, tangu lini?

Walikuwa Ngome ya Ukungu, kasri la mawe ambalo tajiri mmoja mgeni alilijenga zamani juu ya milima ya Iringa kwa kukumbuka baridi ya kwao. Sasa lilikuwa hoteli ya wapendanao. Kuta zilijipasha joto zenyewe na chakula kililetwa na roboti zenye adabu kuliko wakwe. Editha na Gaudensi walikuwa wamekula fungate yao hapa, na Daktari Nanzia ndiye aliyesema warudi.

"Mpeleke mlikopendana," alimwambia Editha. "Ukiona ni yeye, Jumapili unipigie, nikishone kiraka moja kwa moja. Kikishonwa hakitoki, na ubongo ulio chini yake utalala daima. Ukiona siye, nakitoa, abaki na hicho kidogo alichobakiwa nacho."

Na leo ndiyo Jumapili.

Editha alikuwa Mngoni, Gaudensi Mhehe. Anayejua watani ameshanielewa. Babu zao walipigana vita, wajukuu wakarithi haki ya kutukanana bila mtu kununa. Siku ya posa Gaudensi alimwambia mjomba wa Editha kwamba anamchukua binti ili kuwapunguzia Wangoni mdomo wa kulisha, maana kazi hawaijui. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Ndivyo walivyopendana watu hawa, kwa matusi, asubuhi na jioni.

"Kihwele," Editha akasema, akimwita kwa jina la ukoo wake na kumsogezea sahani ya nyama. "Wenye hoteli wamesikia Mhehe amefika, wamemficha mbwa wao wa getini."

Gaudensi akatabasamu vizuri. "Kweli, chakula cha hapa ni kitamu. Nafurahi tuko pamoja."

"Nimesema wamemficha mbwa! Usije ukamla!"

"Samahani kama nimekuudhi, mpenzi wangu."

Hapo ndipo Editha alipokumbuka alichokifanya. Mafundi walikuwa wamemwomba ujumbe na sauti zote za mumewe, wakifundishe kiraka. Akaketi akachambua. Angewapaje vijana wale wa makoti meupe sauti ya mume anayemwita mkewe "mzigo kutoka Songea"? Wangesema ananyanyaswa. Kwa aibu akayafuta matusi yote, akawapa "asante", "samahani" na "nimefika salama". Loo, Editha! Alikuwa amemfuta mume kwa mkono wake mwenyewe.

Akampandisha ghorofa ya juu ya mnara, ambako hakukuwa na wageni, akamketisha kwenye kiti cha mikono. Akatoa kidhibiti alichopewa na daktari cha kukituliza kiraka kwa muda mfupi. Roboti iliyowafuata ikajongea.

"Mama, kikizimwa mgonjwa anaweza kuanguka."

"Basi mshikilie, na unyamaze."

"Usinizime," Gaudensi akasema kwa upole. "Nitakuwa mume mwema kwako."

Kidole kikasita juu ya kitufe. Maana ni kweli, angekuwa mwema. Wapo wanawake ambao wangetoa mbuzi na ndama wapate mume kama huyu. Akafumba macho, akabonyeza.

Gaudensi akalegea. Mdomo ukapinda, mate yakachuruzika, mkono wa kulia ukaanguka pembeni ya kiti.

"Gaude?"

"Mapigo ya moyo yanapanda," roboti ikasema. "Napendekeza kuwasha."

"Usiguse! Gaude, nisemeshe! Au umeona ufie kwenye hoteli ya watu, nikubebe mimi ngazi zote hizi? Wahehe hamna haya!"

Jicho lake la kushoto likageuka polepole, likamtazama. Midomo ikahangaika.

"U... na... lia... vi... baya."

Editha akajishika uso na kukuta umelowa. Akacheka na kulia pamoja, akapiga magoti, akaukumbatia mguu wake. Alikuwepo! Muda wote huu alikuwa humo ndani, amefunikwa, akimsikiliza mwenzake akiitwa kwa jina lake.

Gaudensi akainua mkono wa kushoto, akajigusa kichwa. "Yu... le. Mzu... ri?"

Editha angeweza kudanganya. "Mzuri kukushinda. Hakoromi. Anashukuru hata kwa maji."

"Ba... ki... naye."

Editha akautafuta utani katika uso ule ambao nusu yake haikuweza kucheka. "Unanitania?"

"Ha... pana."

Akanyanyuka, akampigia daktari.

"Kitoeni," akasema.

"Mama, umefikiria? Hatavaa shati mwenyewe. Huenda hata jina lako likampotea. Na tukishakitoa, hatuwezi kukirudisha."

"Nimesikia."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

Editha akamtazama mumewe. Gaudensi alikuwa akitikisa kichwa, kwa shida, upande mmoja tu, na chozi likimshuka. Hapana. Hapana.

"Anakataa," Editha akasema. "Lakini sahihi ni yangu. Kitoeni."

Akakata simu. Kisha akainama, akamfuta mumewe mate kwa upindo wa kanga, na hakuthubutu kumtazama machoni. Alijua amemchagulia mtu maisha magumu kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kuishi bila matusi yake.