Saa Nne ya Achola

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, Achola alisogeza kiti kwenye dirisha la jikoni na kutazama nje. Kutoka ghorofa yao ya saba pale Hallonbergen, pembeni mwa jiji la Stockholm, ng'ambo ya miti na mapaa ya nyumba, lilionekana paa la uwanja mkubwa wa Solna. Siku za mechi kuta zake ziliwaka taa za rangi, na Achola alisahau hata kukausha mikono.

"Bado unaulinda?" Baba yake, dereva wa basi, alizoea kumtania. "Lala mama, hakuna atakayeuiba."

Lakini uwanja ule, jamani, si wa mchezo mchezo! Unameza watu elfu hamsini, na paa lake hufunguka na kujifunga. Wanawake wa Ulaya waliwahi kuchezea fainali yao pale, na vilabu vya Ulaya pia. Achola alikuwa na miaka kumi na miwili, na mara nyingi alikuwa ameuzunguka kwa nje akigusa kuta zake kwa kiganja. Ndani hakuwahi kutia mguu.

Majira hayo ya kuchipua, bahati ikabisha hodi. Mashindano ya mataifa ya wanawake yalikuwa yanamalizikia Solna, na timu ya wasichana ya mtaa wao ilichaguliwa kushika kile kitambaa kikubwa cha duara kinachotandazwa katikati ya uwanja kabla ya fainali. Zaidi ya hayo, msichana mmoja angetangulia mbele ya wachezaji wote, ameubeba mpira wa fainali mikononi, na kumkabidhi mwamuzi. Kocha Ylva aliandika majina kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kofia yake ya sufu, akachomoa kimoja. Jina likatoka la Colombe.

Colombe alikuwa rafiki yake Achola. Kwao ni Burundi, na aliishi ghorofa ya juu tu. Achola alimkumbatia, akampongeza, akaruka naye pamoja na wenzao. Moyoni, hata hivyo, wivu ulimkereketa, na usiku huo alijigeuzageuza kitandani akiuona ule mpira mikononi mwake mwenyewe.

Ijumaa, siku mbili kabla ya fainali, Colombe hakuja mazoezini kwa sababu alikuwa kwa daktari wa meno. Kocha Ylva aliwakusanya waliokuwepo.

"Muda wa mazoezi ya kesho uwanjani umebadilishwa," alisema kwa Kiswidi. "Tutakutana klockan fyra, alasiri. Wazazi nimewatumia ujumbe, lakini mama yake Colombe yuko Bujumbura kwenye harusi, na bibi yake hasomi Kiswidi. Achola, wewe unaongea naye. Utampelekea habari?"

"Nitampelekea."

"Usisahau. Asiyefanya mazoezi kesho, habebi mpira Jumapili. Hiyo ni amri ya waandaaji, si yangu."

Achola alipanda ngazi mbio na kubisha mlango wa Bibi Concessa. Harufu ya maharage ya mawese ikamlaki. Ndani maji yalisikika yakimwagika. Colombe alikuwa anaoga.

"Karibu mwanangu, ingia ule."

"Asante Bibi, nina haraka. Kesho mazoezi ni kwenye geti kubwa la uwanja, saa nne."

"Saa nne?"

"Ndiyo Bibi, saa nne."

"Haya. Tutakuwepo, Mungu akipenda."

Wewe uliyekulia kwenye Kiswahili, najua umeshashika kichwa. Fyra ya Kiswidi ni nne, hilo halina ubishi. Lakini ile nne yao ya alasiri, sisi tunaiita saa kumi. Saa nne ya Bibi Concessa ni asubuhi, chai haijapoa mezani! Achola alizaliwa Stockholm. Kiswahili chake kilitosha kuamkia wageni na kuombea chakula, ila saa aliihesabu kwa Kiswidi, kisha akaitafsiri neno kwa neno. Akateremka ngazi akipiga mluzi, hana habari kabisa.

Jumamosi alichelewa kuamka, akafagia, akasaidia kupika. Simu yake ilikuwa kwenye chaji, naye hakuigusa mpaka alipokuwa ndani ya treni kuelekea Solna. Hapo ndipo alipoona ujumbe wa sauti wa tangu asubuhi, kutoka kwa Bibi Concessa. Akaiweka simu sikioni.

"Achola mwanangu," sauti ilisema, na upepo ukivuma nyuma yake, "sisi tuko hapa getini. Geti limefungwa, hakuna mtu hata mmoja. Mvua ya theluji inatunyeshea. Ni hapa kweli?"

Saa nne! Achola aliielewa papo hapo. Alikuwa amemwambia Bibi wa watu asubuhi badala ya alasiri. Muda wa kurekebisha bado ulikuwepo. Angepiga simu dakika ile, Colombe angekimbilia treni na kufika. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya jina la Bibi.

Ndipo mpira ulipomjia akilini, mweupe, mikononi mwake. Treni ikasimama. Achola akaizima simu na kuitia mfukoni.

Loo, uwanja huo! Waliingizwa kupitia njia ya chini, sakafu ya saruji, taa nyeupe, nyayo zikitoa mwangwi. Kisha njia ikaisha, na Achola akasimama kama aliyepigiliwa misumari. Viti vilipanda, vikapanda, vikaendelea kupanda mpaka shingo ikamuuma. Juu kabisa paa lilikuwa limefungwa, kubwa hata mawingu yangeweza kulala chini yake. Nyasi zilikuwa za kijani mno, akaogopa kuzikanyaga. Wasichana ambao kwenye treni walikuwa wakipiga kelele kama kasuku sasa walinong'ona.

"Colombe yuko wapi?" Kocha Ylva aliuliza, akihesabu vichwa. "Achola, ulimwambia?"

"Nilimwambia bibi yake."

"Ulimwambia klockan fyra?"

"Ndiyo. Nne."

Hakusema uongo, si ndiyo? Ndivyo alivyojiambia. Lakini masikio yake yaliwaka moto, na macho hakuyainua.

Walisubiri. Mwandaaji mmoja akaja, akaitazama saa yake, akatikisa kichwa. Kocha Ylva alishusha pumzi. "Basi Achola, wewe unajua kutulia. Chukua mpira."

Achola akaubeba. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na ulinukia upya. Alitembea peke yake kwenye nyasi zile, akitazamwa na viti elfu hamsini visivyo na mtu. Hiyo ndiyo saa aliyoiota miaka yote. Ajabu ni kwamba alitamani imalizike haraka.

Jioni Baba aliketi mezani bila hata kuvua koti la kazi.

"Nimepita kwa Bibi Concessa," alisema. "Anakohoa vibaya. Leo asubuhi walisimama pale uwanjani yeye na mjukuu wake mpaka wakalowa chepechepe, halafu wakarudi. Kumbe mazoezi yalikuwa jioni. Anasema ni masikio yake ya uzee, hakukusikia vizuri. Nimemkuta anamwomba Colombe msamaha. Mtoto analia, bibi naye analia. Kwa kweli nimeshindwa hata kunywa chai."

Kijiko kikamponyoka Achola. Angeweza kuvumilia kugombezwa. Angeweza kuvumilia Colombe kumnunia. Lakini Bibi kuomba msamaha kwa kosa lisilo lake, hilo hakuweza kulivumilia.

"Alisikia vizuri, Baba," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Mimi nilimwambia saa nne."

Baba akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Wewe! Ati saa nne? Yaani fyra ndiyo ikawa saa nne? Mtoto wa Kiswidi wewe, utaniua! Basi usilie, hilo ni kosa la ulimi. Twende tukamweleze Bibi."

Hapo ndipo angeweza kunyamaza, na mambo yangeishia kwenye kicheko. Achola alikitazama kijiko sakafuni.

"Si hilo tu. Bibi alinitumia ujumbe wa sauti. Niliusikia kwenye treni, bado kulikuwa na muda wa kumpigia. Sikumpigia." Akafuta pua kwa kiganja. "Nilitaka kubeba mpira."

Baba hakucheka tena. Alifunga tena zipu ya koti lake.

"Vaa viatu," alisema.

Bibi Concessa aliwafungulia akiwa amejifunika blanketi. Colombe alikuwa kwenye kochi, macho yamevimba. Achola alianza kwa Kiswidi, kama ilivyokuwa kawaida yao.

"Kwa Kiswahili," Baba akasema taratibu. "Bibi naye ana haki ya kusikia."

Achola akasema kwa Kiswahili, kwa kukwamakwama, akitafuta maneno, bila kuruka hata jambo moja. Alipofika kwenye ule ujumbe wa sauti, Bibi akashika kifua. "Mana yanje!" aliguna kwa Kirundi, akimwita Mungu wake.

Colombe alisimama. "Ulisikia kwamba nilikuwa kwenye baridi, ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Basi sitaki kukuona," akasema, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Palepale Baba alimpigia Kocha Ylva na kumpa Achola simu. Achola akaeleza yote mara ya tatu, na wala haikuwa rahisi zaidi.

"Asante kwa kuniambia," Kocha Ylva alisema mwishowe. "Nimekasirika, nawe ujue hivyo. Nitazungumza na waandaaji. Wakikubali, kesho mtakuja mapema, na wewe ndiwe utakayemfundisha Colombe kila hatua. Wasipokubali, mpira utabebwa na mtu mwingine. Wewe hutaubeba kwa vyovyote."

"Sawa," Achola alijibu.

Waandaaji walikubali. Jumapili, saa kadhaa kabla ya watu kuingia, wasichana wawili walitembea kwenye njia ile ya chini, na mmoja tu ndiye aliyekuwa anaongea.

"Hapa unasimama mpaka muziki uanze. Viwiko vibane, mpira usiteleze. Ukifika kwenye mstari, geuka kwa mwamuzi." Achola alimeza mate. "Na ukitoka nje usitazame juu, utaduwaa usahau kutembea."

Colombe aliitikia kwa kichwa tu. Walirudia mpaka akaweza bila kuelekezwa.

Kisha watu wakaja. Weee! Walimiminika kwa maelfu, njano na bluu, rangi za Uswidi, kila upande, na kelele zao zilipanda zikagonga paa na kurudi. Achola alikuwa katikati ya uwanja na wenzake, ameshika ukingo wa kitambaa, na alihisi mngurumo ule ukipanda kutoka kwenye nyasi hadi magotini. Hakuwahi kufikiri kwamba wanadamu wengi hivyo wanaweza kukaa chini ya paa moja. Wimbo ulipoanza wote wakasimama kwa pamoja, na ngozi ikamsisimka mwili mzima.

Mlangoni akatokea Colombe. Nyuma yake zilifuata timu mbili za wanawake warefu wenye mabega mapana, na mbele yao yeye alionekana mdogo sana. Alitembea vizuri, viwiko vimebanwa. Halafu, katikati ya njia, akainua uso akatazama juu. Achola akaacha kupumua. Lakini Colombe hakusahau kutembea. Alitabasamu uso mzima, akaendelea mpaka kwa mwamuzi, akampa mpira kwa mikono miwili.

Achola alikung'uta kitambaa pamoja na wenzake huku machozi yakimtiririka. Ilimuuma, hebu tuseme ukweli, iliuma sana kuuona mpira ule kwenye mikono mingine. Na hata hivyo alikuwa amejaa furaha, hakujua imetoka wapi.

Walipotoka uwanjani na kupelekwa vitini, Colombe alikaa pembeni yake.

"Nimetazama juu," akasema hatimaye.

"Nimeona."

"Wewe jana uliona nini huko juu?"

Achola alifikiri. "Viti vitupu."

Colombe akamtazama, kisha akasogea kidogo ili begi la Achola lipate nafasi.

Bibi Concessa alikuwa safu ya nyuma, shingo imezungushiwa skafu mbili, maana alikataa katakata kubaki nyumbani na kikohozi chake. Alimwinamia Achola na kumshika bega.

"Sikiliza mwanangu. Kuchanganya saa si dhambi. Mimi mwenyewe tangu nifike nchi hii nimechanganya mabasi, milango, hata chumvi na sukari. Ukikosea, unasema, watu wanacheka, mambo yanaisha. Lakini siku unapolijua kosa lako na kuliacha liendelee kwa sababu linakufaa, hapo umeacha kukosea, umeanza kuiba. Jana ulimwibia mwenzako, na jana hiyohiyo ukarudisha kabla hujakamatwa. Wengi, hilo la kurudisha huwashinda. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu pale mlangoni. Sasa nyamazeni, mpira unaanza."

Filimbi ikalia, na watu elfu hamsini wakapiga kelele kwa pamoja, Bibi Concessa akiwa miongoni mwao.