Clim ya Kumi na Tatu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya usine ya Panda, ile kiwanda kikubwa, tulikuwa tunakusanya vyombo, wakati Chef Firmin aliponiita.

"Ingénieur, panda tena kidogo. Kazi ya dakika tano."

Ingénieur! Kwa kunichekelea tu. Licence yangu ya génie électrique, diplôme ya université, iko mu kabati tangu miaka sita, panya njo wanaisoma. Pale chantier ya ujenzi nilikuwa mu mwezi wa majaribio: kugeuza nyumba ya zamani kuwa bureau ya bantu ya mukuba, ile shaba. Clim, zile mashini za kuleta baridi, zikiwaka kabla bakubwa wafike kesho, Firmin anasaini contrat yangu ya kazi. Zisipowaka, narudia kukaa bure ku barza ya mama.

Na hakunichagua juu ya diplôme. Alichagua mbavu. Kati ya plafond, dari ya kale, na béton ya juu kulibakia sentimetre makumi tatu na tano, muntu wa kushiba haingii. Nchi hii inatunyima chakula, kisha inatafuta bembamba wa kutambaa!

Kabla yangu kulikuwa mwembamba mwingine, Samy. Firmin anasema alikimbilia Kakanda kuchimba cobalt. Mke wake, Delphine, bado anakuja kila siku ku portail, mulango mukubwa wa chantier, na sahani ya bukari, ule ugali wa Samy.

"Kuko shida gani, chef?"

Akanionyesha écran, kioo cha mashini. Ile clim si ya moja moja kama za mu maduka. Mashini moja iko ku toiture, juu ya paa, inalisha clim zote za ndani kwa tuyau, mabomba ya mukuba. Siku ya kuwasha, mashini yenyewe inahesabu clim zake. Tulifunga kumi na mbili. Minye mwenyewe nilizifunga, tumbo chini.

Écran iliandika 13.

"Ni kosa ya câble. Tuanze upya."

"Nimeanza upya mara tatu." Hakuniangalia. "Enda uone."

Firmin alikuwa na sheria moja, aliitoa kwa bacreuseurs, wachimba mukuba ba Kambove: muntu akiwa mu shimo, wakiita jina yake, ajibu palepale "présent", yaani niko. Ukinyamaza, wanakuja kukufukua.

Nikapita ku trappe, ule mulango mudogo wa plafond. Vumbi. Isolant, ile pamba ya kufunika tuyau, inakwaruza shingo. Moja... mbili... tano... Zote ziko fasi yake. Kisha ya kumi na mbili. Tuyau ilipaswa kuishia pale.

Iliendelea.

Mukuba mupya, unang'aa, unaingia mu giza. Nikaugusa. Ulikuwa na joto. Joto ya shingo ya muntu.

Fss... fss...

Gaz ya clim, nikajisemea. Lakini gaz tulikuwa bado hatujaifungua.

Kisha arufu ya jasho, kama ya muntu mwenye kutumika kazi tangu asubui. Na mbele yangu, mu giza, clé, spana, ilikuwa inakaza boulon.

Krr... krr... krr...

Ikasimama.

"Elikia?"

Jina yangu. Kinywa changu kikajibu mbele ya akili:

"Présent."

"Aksanti," sauti ikanong'ona. "Minye ni Samy. Shikilia huku, yaya, ndugu yangu. Peke yangu siwezi kumaliza."

Sijue ginsi gani nilirudi nyuma. Magoti yalitoka damu. Firmin alikuwa chini ya trappe, contrat mu mukono, kalamu imefunguliwa.

"Alisema nini?"

Hakuuliza kama kuko muntu. Aliuliza alisema nini.

"Mulozi weye!" nikapaza sauti. "Uliuzisha muntu kwa ajili ya clim?"

"Sauti chini. Bakubwa wanataka baridi, weye unataka kazi. Saini."

Niliipasua ile karatasi mbele ya macho yake. Nikaenda ku portail, nikamuelezea Delphine yote. Kesho yake ndugu za Delphine waliingia kwa nguvu, wakabomoa plafond. Clim kumi na mbili. Tuyau inaishia fasi yake. Vumbi tu. Wakaniangalia kama kichaa.

Leo nimesikia Firmin amepata mwembamba mwingine wa kupanda mule: Hervé, jirani yangu, licence ya géologie, mbavu kama zangu. Nikakimbia kwake, nikamuhadisia kama ninavyohadisia hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila mzaha:

"Yaya Elikia, ule Samy... mpaka leo bado anatumika kazi?"

"Bado."

Akainama, akafunga kamba za viatu.

"Basi yeye iko na kazi. Minye sina."