Vifungo vya Mashati Mapya

Kwi, kwi, kwi. Kanyagio la cherehani ya Mama lililia gizani, likanyamaza, likalia tena. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa mdomo wake usiopoa, alijifunika shuka hadi kichwani. Tangu jana hakuwa na la kusema.

Mama yake alikuwa ameshona mashati ya shule. Kitambaa alikipata bila fedha taslimu: mwenye duka aliandika hati ya kumtaka alipe baada ya miezi miwili, naye akatia sahihi kuikubali. Alitumaini shule ingemlipa mapema. Lakini jana mwalimu mkuu alivuta kifungo kimoja, kikang'oka. Akavuta cha pili, nacho vilevile. Mzigo wote ukarudishwa, na siku ya kulipa ile hati ilikuwa kesho.

Mama aliulaumu uzi. Alisema muuza nyuzi amemwuzia takataka. Chiriku alitazama vidole vyake. Alikuwa amefundishwa kupitisha sindano mara nne katika kila kifungo; siku ile ya kushona vifungo vya mashati hayo, akiwahi kuruka kamba na wenzake, alipitisha mara moja.

Kulipokucha walikwenda dukani. Mama aliomba aongezewe wiki moja tu. Mwenye duka alikuna kidevu.

"Dada yangu, hati haiko kwangu. Niliiuza benki kwa bei pungufu kidogo, nikanunua majora mengine. Benki haijui habari za vifungo. Inajua sahihi na tarehe. Usipolipa watanidai mimi, na mimi sitaweza kukukopesha tena."

Walirudi mbiombio. Mama alinunua uzi kwingine, wakaketi kushona upya. Chiriku alipitisha sindano mara nne, kisha ya tano, akajidunga, akaendelea. Jirani aliyekuja kusaidia alimtania kuwa amemeza kifungo, maana nyumba imekuwa kimya mno. Chiriku hakucheka. Kila Mama alipomtaja muuza nyuzi, aliukaza uzi zaidi.

Kesho yake mwalimu mkuu alivuta vifungo mpaka kucha zikamwuma, akalipa. Mama alikwenda benki karibu akikimbia, Chiriku nyuma yake. Walitoka na hati iliyogongwa muhuri wa kulipwa, wakampelekea mwenye duka aione.

"Sasa chagua kitambaa unachotaka," alimwambia Mama, kisha akamgeukia Chiriku. "Unaona, mwanangu? Anayetia sahihi amesema, 'Ni mimi.' Siku ya siku ikifika, hatafuti mwingine wa kumbebesha. Biashara yote imesimama hapo."

Mama alishukuru, akakaza mkoba begani. Alisema sasa anakwenda kwa muuza nyuzi, akamweleze ubaya wake mbele ya wateja wake wote.

Chiriku alimshika mkono kabla hajavuka kizingiti.

"Mama, uzi ulikuwa mzuri, ni mimi niliyepitisha sindano mara moja."