Maji ya Pipa la Chini

“Usiniletee habari ya upepo wa bahari, Mama Musyoki! Upepo huo haukuanza kuvuma jana.”

“Basi sema unachonishuku, Mama Kahaso. Sema wazi, nisikie.”

“Nakushuku uvivu. Maji ya mvua yalikumwagikia njiani, ukaona tabu kurudi, ukajaza madumu kwenye kisima cha pale pale Diani. Sasa vioo vya nyumba nzima vimekauka na madoa meupe, utadhani kunguru wamelala juu yavyo!”

Kahaso alikuwa amechutama karibu na mlango akiosha vyombo. Kikombe alichokishika kilikuwa kimetakata zamani, lakini aliendelea kukisugua. Hakuthubutu kuinua macho.

Mama yake, Kanze, alifanya kazi ya kuosha madirisha ya nyumba za wageni huko Diani, na Syovata, mama yake Musyoki, ndiye aliyekuwa mwenzake. Visima vya Diani na Ukunda vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo ikikauka kwenye kioo huacha doa. Kwa hiyo Kanze alikinga mvua nyumbani kwake Ukunda. Manyunyu ya kwanza aliyaacha yaoshe vumbi la bati na kumwagika nje. Yaliyofuata aliyaelekeza kwenye pipa la juu, alimopanga kokoto, makaa, mchanga na kitambaa, yakachujika polepole mpaka pipa la chini lenye koki. Maji ya pipa la chini hayakuguswa kwa kazi nyingine yoyote.

“Swabir amenipigia simu asubuhi,” Kanze aliendelea. Swabir alikuwa mwangalizi wa nyumba ile. “Wageni wanafika alasiri. Ameniuliza ni nani aliyeosha. Nimemwambia ni wewe, na kwamba hutakanyaga tena pale.”

Syovata aliikaza leso kiunoni, akaifungua, akaikaza tena.

“Umeshanitaja?”

“Nimeshakutaja.”

“Kabla hujaniuliza?”

Syovata aliokota kipande cha kioo kilichovunjika, akaenda kwenye pipa la chini, akafungua koki kidogo. Tone moja lilianguka juu ya kioo. Akakiweka juu ya tofali, juani.

“Likauke tuone. Watu walinionya nilipohamia huku kwamba lawama za Pwani huja na tabasamu. Zako hazina hata tabasamu.”

“Pipa hilo nililijaza mwenyewe kwa mvua,” alisema Kanze. “Likiwa na chumvi, aliyeitia ni wewe. Jana alfajiri ulichota peke yako. Juzi mimi nilishinda Msambweni hospitalini na mama yangu, na hapa alikuwepo Kahaso tu. Kahaso ni mtoto wangu, anajua thamani ya maji haya.”

Maneno hayo yalimchoma Kahaso kuliko kofi. Juzi, alipotoka shule, alitaka kufua blauzi yake nyeupe ya kwaya. Kwa maji ya kisima sabuni haitoi povu, na blauzi hubaki na rangi ya manjano kifuani. Akafungua koki ya pipa la chini. Akasugua kola, akaimba wimbo wao wa mashindano, akasahau kuifunga. Alipogeuka, mchanga ulikuwa umeyanywa maji karibu yote. Kwa hofu alichota maji kisimani, akayamimina pipa la juu, ndoo baada ya ndoo. Alijua chujio linasafisha maji. Alipoyaona yakitoka meupe pe, alijiambia kwamba hakuna kilichoharibika.

Tone juu ya kioo lilianza kusinyaa. Pembeni mwake palijitokeza uzi mweupe.

Kahaso angeweza kunyamaza. Mama yake alikuwa ameshamtakasa. Lakini alimtazama Syovata, aliyekuwa ameinama juu ya tofali kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

“Mama,” alisema, akakiweka kikombe chini. “Mama, si yeye. Ni mimi. Nilifulia blauzi, maji yakamwagika, nikajaza ya kisima. Nilidhani mchanga na makaa yatatoa chumvi.”

Ndani ya nyumba jirani redio ilikuwa ikitangaza vifo.

“Tangu tulipoanza kugombana umekaa hapo unasikia,” Kanze alisema hatimaye.

“Ndiyo, mama.”

“Njoo hapa.” Kahaso alisogea akitarajia kofi, lakini mama yake alikamata kidole chake tu, akakipitisha juu ya doa. “Chujio linazuia takataka. Chumvi imeshayeyuka, inapita. Hilo hukulijua, na kutojua si dhambi. Kunyamaza ulikujua. Mwenzetu alikuwa anapoteza kazi na jina, nawe unasugua kikombe.”

“Nisamehe, mama.”

“Si mimi. Aliyekosewa amesimama pale.”

Kahaso alipiga magoti mbele ya Syovata. “Nisamehe, Mama Musyoki.”

“Inuka, mwanangu. Umesema kabla tone halijakauka.” Kisha Syovata akamgeukia Kanze. “Na wewe?”

Kanze alitoa simu, akaipiga palepale, huku amesimama wima.

“Swabir? Lile jina nililokutajia asubuhi, lifute. Mama Musyoki hana kosa. Maji yaliharibikia nyumbani kwangu, nami nikamlaumu bila kuuliza. Tunakuja kuosha upya sasa hivi.” Alikata simu. “Nimekukosea, Syovata. Nimeyatanguliza maneno kabla ya macho.”

“Nimesikia,” alijibu Syovata. Hakutabasamu. “Lakini tutaosha kwa maji gani?”

Kanze aliingia ndani, akatoka na dumu la maji ya mvua waliyoyakinga kando kwa ajili ya kunywa. Akampa Kahaso ndoo.

“Haya ndiyo ya chai yetu. Mpaka mvua inyeshe tutachemsha ya kisima na kunywa na chumvi yake, sote. Kosa la kioo linasafishwa kwa maji. Kosa la kumwachia mwenzako lawama linasafishwa kwa mdomo, na mapema, kabla halijakauka. Nawe utakwenda kuosha dirisha la kwanza.”

Huko Diani, Kahaso alifuta madoa kwa siki, akasuuza kwa maji ya mvua, akavuta kifutio cha mpira kutoka juu hadi chini kama Syovata alivyomwelekeza. Tone moja lilibaki kwenye kona. Watatu hao walisimama wakilitazama. Lilikauka, na kioo kikabaki kitupu.

“Dirisha linalofuata,” alisema Syovata, akamwachia Kanze nafasi ya kushika upande wa pili wa ngazi.