Sauti ya Lastri

Pumzi ile haikuwepo jana. Wiryono alirudisha rekodi mwanzo, akasikiliza tena. Kabla ya wimbo, marehemu mkewe, Lastri, alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo.

Wiryono alikuwa ametunga muziki wa filamu na tamthilia mjini Jakarta kwa miaka ishirini na miwili. Tamthilia zilipigwa picha asubuhi, zikarushwa jioni. Hapakuwa na nafasi ya kutunga kipya. Kila mama alipokufa kwenye skrini, aliweka sauti ya Lastri akiimba bila maneno. Lastri alikuwa na siku thelathini na moja kaburini, dua ya arobaini haijasomwa, lakini vipindi havikungoja. Wiki hiyo walikufa mama wanne.

"Mas Wir, mkeo analiza nchi nzima," mtayarishaji alimwambia kwenye simu, akimwita Mas, yaani kaka, kama Lastri alivyozoea kumwita. "Kesho tunaua bibi. Tupe ndefu kidogo."

Siku ya pili studio ilinuka mafuta ya kuchulia, yale aliyochuliwa Lastri hospitalini. Siku ya tatu, saa nane mchana, binti yao Sekar alisimama mlangoni.

"Umeniita, Pak?" alimuuliza baba yake.

"Hapana."

"Kuna mtu kaniita Nduk. Humu ndani."

Lastri peke yake ndiye aliyemwita hivyo, Nduk, binti yangu, naye Sekar akimwita Bu, mama.

Wiryono alimwita shekhe wa mtaa, Kyai Badrun, naye alikuja baada ya adhuhuri iliyofuata. Alisikiliza, akanong'ona:

"Umemwita marehemu kila siku kwa rekodi hizi. Yeye haji. Kaja jini, kavaa sauti yake, na anamtaka binti."

"Una hakika, Kyai?"

"Muulize jambo ambalo halikurekodiwa."

Wiryono aliinamia kipaza sauti. "Lastri, siku ya mwisho, uliponishika mkono, uliniambia nini?"

Spika zilikwaruza. Kisha: "Rudia, Mas. Nimechelewa kuingia. Rudia." Halafu kicheko. Yote Lastri aliyasema zamani humu studio, akirekodi, na Wiryono alijua kila neno ni la mwaka gani.

"Futa rekodi zote," alisema Kyai.

"Niachie kicheko tu."

"Hicho nacho ni mlango."

Akafuta moja baada ya nyingine, mia nne na kumi na tatu, na kadiri zilivyopungua ndivyo harufu ilivyomkaba na mlango ulivyotikisika na sauti ilivyomwita Mas, Mas, ya msichana wa miaka ishirini, ya mama aliyetoka kujifungua, ya mgonjwa aliyeishiwa nguvu, mpaka kimya kikaingia, naye akalia mbele ya mgeni bila kujificha.

"Simuni mwako je, hamna sauti yake?" Kyai alimuuliza Sekar.

"Nilishafuta, Kyai."

Alasiri ya arobaini, majirani wakitandika mikeka sebuleni, Wiryono alipita kando ya chumba cha binti yake. Mlango ulikuwa umefungwa. Sekar alikuwa anaongea chini chini, na alikuwa na furaha.

"Hapana, Bu. Hajui."

Akanyamaza, kama anayempa mwenzake zamu.

"Na huko tutakaa wawili tu?"