Jembe la Mzaliwa wa Kwanza

Katika miaka ya utawala wa Waingereza, Gozbert na mkewe Clotilda waliishi Nyakisasa, juu ya kilima. Walikuwa na mabinti wawili. Marsiana alikuwa na miaka kumi na sita, na Eustakia alikuwa na miaka kumi na mmoja. Bibi Domisiana, mama yake Gozbert, aliishi nao. Shamba lao la maharage lilianzia nyuma ya migomba na kupanda mpaka kileleni.

Mwaka huo maharage yalistawi kweli. Ulipofika mwezi wa nne, kila shina lilikuwa na maua. Siku moja wote walikuwa shambani wakipalilia, isipokuwa bibi aliyekuwa nyumbani akimenya ndizi.

"Eustakia, unapalilia au unalala?" Marsiana aliuliza.

"Napalilia. Wewe ndiye unayeng'oa maharage na kuacha majani."

"Basi mume wako atakula majani."

"Wako kwanza! Wewe ndiye mkubwa."

Clotilda alicheka mpaka akaegemea jembe lake.

Alasiri wingu jeusi lilitokea upande wa Urundi. Chini yake palikuwa na weupe. Wakulima wa huko wanaujua weupe huo. Ni mvua ya mawe. Ikipiga maharage yenye maua, hakuna mavuno.

Ukoo wa Gozbert ulikuwa na desturi yake. Mvua ya mawe ikija, mzaliwa wa kwanza wa nyumba hupanda juu ya shamba. Husimika jembe, chuma kikiwa juu, hushika mpini na kuliambia wingu lipite pembeni. Gozbert mwenyewe alifanya hivyo mara tatu alipokuwa mtoto. Mara mbili wingu lilipita pembeni. Ile mara ya tatu hakuna aliyependa kuitaja.

"Gozbert!" bibi aliita kutoka uani. "Huoni? Mtume mtoto na jembe!"

Radi ilimulika. Baada ya muda ngurumo ikasikika.

"Baba, radi inapiga," Marsiana alisema.

"Bado iko mbali, ng'ambo ya mto. Nenda upesi, urudi."

"Baba Marsiana, mwache mtoto," Clotilda alisema.

"Na maharage? Tutakula nini?"

Marsiana alichukua jembe. Alimtupia mdogo wake kanga yake. "Nishikie, isilowe," alisema, akapanda mbio.

Mvua ilikuwa haijaanza. Hata tone moja lilikuwa halijaanguka. Walimwona amesimama juu kabisa, ameshika mpini. Kisha mwanga ulijaa kila mahali, na ngurumo ikaja pamoja nao.

Gozbert alipofika juu, jembe lilikuwa limeanguka upande mmoja na binti yake upande wa pili. Alimwita. Alimwita tena. Mawe ya mvua yakaanza kuwapiga wote wawili. Alimfunika kwa mwili wake, lakini Marsiana alikuwa amekwisha kufa.

Walimzika kesho yake. Maharage yalikuwa yamelala chini, maua yamepukutika yote. Hakuna aliyeyatazama.

Baada ya wiki mbili alikuja Bwana Sabiti. Alikuwa bwana shamba, mwenyeji wa Biharamulo mjini. Watu walimtania kwa sababu alipima mvua kwa chupa na kuiandika katika daftari. "Huyu hulima mawingu," walisema. Siku hiyo hakuna aliyemtania.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umetukuta hivi tulivyo."

"Poleni sana. Pole, mama. Pole, Gozbert."

Kisha Gozbert alisema, "Watu wananiambia radi ile ilitumwa na Minani. Tuligombana naye mwaka jana juu ya mpaka wa shamba."

Sabiti alifungua daftari lake. "Siku ile nilikuwa Kabanga. Wingu lile lilifika huko saa saba mchana. Nimeandika hapa. Huku kwenu lilifika saa tisa. Lilikuwa linatembea kwa njia yake, kama linavyotembea kila mwaka. Na huyo Minani, radi ya wingu lilo hilo iliua mbuzi wake wawili. Je, mtu hujitumia radi mwenyewe?"

Gozbert aliinamisha kichwa. "Kama si Minani, basi ni mimi. Nilimwambia iko mbali."

"Ulihesabu?"

"Nilikisia."

Sabiti hakumlaumu. Alisema polepole, "Nitakufundisha kuhesabu. Mwanga wa radi hufika upesi sana. Sauti yake huchelewa njiani. Ukiona mwanga, anza, ukitaja Ngara yetu kabla ya kila namba ili usiharakishe: Ngara moja, Ngara mbili, Ngara tatu. Usihesabu kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Sauti ikifika, simama. Kila tano ni maili moja."

"Na nikijua maili, nifanye nini?"

"Hesabu tena na tena. Zikipungua, wingu linakuja kwako. Zikifika thelathini, acha jembe, shuka kilimani, ingia ndani. Usingoje mvua. Radi haingoji mvua. Usijifiche chini ya mti. Ukiwa ndani, kaa mbali na mlango na mbali na nguzo. Ngurumo ya mwisho ikipita, kaa nusu saa ndipo utoke."

"Nyumba yangu ni ya nyasi," Clotilda alisema.

"Sikudanganyi, mama. Nyasi hazizuii radi. Lakini ndani ni afadhali kuliko kileleni. Radi hupenda kupiga kilichosimama juu ya vingine. Mtu juu ya kilima kitupu, ndiye mti wa mahali pale."

Gozbert aliuliza kwa sauti ndogo, "Siku ile, kama ningehesabu, ningepata ngapi?"

"Sijui, ndugu yangu. Najua kwamba ngurumo ikisikika, radi inaweza kufika. Hilo tu."

Bibi Domisiana aliondoka, akaingia ndani.

Mwaka uliofuata maharage yalitoa maua tena. Alasiri moja wingu lenye weupe chini likatokea upande wa Urundi. Gozbert alisimama shambani akahesabu.

"Arobaini na tano," alisema. Walikusanya majembe. Mwanga ukaja tena. "Thelathini na nane. Linakuja. Twendeni ndani wote."

Nyumbani walimkuta bibi amesimama mlangoni na jembe mkononi.

"Mkubwa sasa ni Eustakia," alisema.

"Hapana, mama."

"Baba yako alifanya. Wewe ulifanya. Unataka nyumba ife njaa?"

Eustakia alijificha nyuma ya mama yake. Mwanga ulimulika. Gozbert alihesabu kwa sauti, "Ngara moja, Ngara mbili," mpaka ishirini na tano.

"Basi nitakwenda mimi," bibi alisema. "Nilizaliwa wa kwanza kwa baba yangu. Mimi ndimi niliyesema mtoto atumwe. Acha radi inichukue mimi."

Gozbert alimshika mikono yote miwili. "Mama, mimi ndimi niliyemtuma. Nimezika mmoja. Sitazika wa pili kwa ajili ya maharage."

Bibi aliachia jembe. Gozbert alilisukuma nje kwa mguu na kufunga mlango. Walikaa chini katikati ya nyumba, mbali na nguzo, miguu pamoja. Mawe yakaanza kuanguka. Walisikia shamba lao likipigwa. Bibi alilia, na Clotilda akamkumbatia. Hakuna aliyeinuka. Radi ilipiga kileleni mara mbili, na kileleni hapakuwa na mtu.

Nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho walitoka. Maharage yalikuwa yamekwisha. Lakini safari hii Gozbert alikuwa amepanda viazi vitamu bondeni, na mawe hayakuvifikia ardhini.

Walikula viazi asubuhi na jioni, miezi miwili. Eustakia alinung'unika kila siku.

"Viazi tena, mama? Mimi nimechoka na viazi!"

Clotilda alitaka kumkemea. Gozbert alimzuia kwa mkono.

"Mwache anung'unike," alisema. "Nataka kumsikia."